Ufa wa Bibi wa Kilimatinde

Dada Zainabu, shikamoo.

Mimi mzima, ila Mzungu wetu wa jiografia kaniudhi hata sina hamu. Katuleta Kilimatinde, darasa zima, kusoma matetemeko ya ardhi. Juzi ardhi ilitikisika, tembe ya bibi mmoja, nyumba yake ya udongo, ikapasuka ukuta kutoka mlangoni mpaka paani. Mwalimu akafurahi utadhani kaokota dhahabu ya Sekenke! Siku mbili nzima tumeupima ufa ule kwa rula na kuuchora, huku upepo ukipita humo humo na kumwaga majivu kwenye uji wa bibi.

Leo bibi akauliza, "Wajukuu zangu, wote hawa mliosoma, hakuna anayejua kukanda udongo?"

Aibu ilinishika, dada. Nikatupa rula, nikakanda, nikauziba wote. Mwalimu akaja akifoka kwamba nimeharibu somo, akanipa sifuri. Bibi kanipa asali.

Sasa nakumbuka ule ufa wa jikoni kwako, ambao tangu mvua za mwaka jana nasema nitauziba kesho. Loweka udongo. Nikifika huko kwako Sepuka, nitakuamkia huku nakanda.

Mdogo wako,
Juma