Mdogo Wake Anaongea na Mbuzi

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Humu nitaandika yote, hata yanayonitia aibu. La kwanza hili hapa: leo nimemwandika Minza kwenye daftari la waliosema Kisukuma shuleni. Minza ni rafiki yangu. Alikanyaga mwiba akalia, "Mayu!" Nani humwita mama yake kwa Kiswahili akichomwa? Lakini mimi ndiye kiranja. Kachapwa viboko viwili. Hakunisubiri njiani.

Jioni kwa Bibi, kama kawaida. Bibi ni mama yake Bwana Prem, fundi wa mitambo kwenye kinu kipya cha pamba, kile cha mtu binafsi. Mama yangu hufanya kazi hapo, anatenga pamba safi na fifi, ile chafu yenye madoa. Kwao Bibi ni Pangi, milimani huko India. Bwana Prem anataka nimfundishe Bibi Kiswahili. "Akizoea hapa ataacha kuomba kurudi." Nikifaulu darasa la saba atanishonea sare ya sekondari. Nafundisha kwa bidii.

Alhamisi, 8 Agosti

Bibi hajifunzi amekaa. Kachukua pamba ya kinuni, anaisokota kwa kijiti huku anatembea uani, kama wanavyosokota sufu kwao. Nami nikapewa kijiti. Uzi wangu ulikatika mara tisa. Alicheka akashika mbavu. Leo kajua: uzi, kukatika, tena. Mimi nimeandika maneno yake sita. Lugha yao Kipangwali.

Jumanne, 13 Agosti

Nilimuuliza Bwana Prem maana ya neno moja la mama yake. Hakumbuki. Mama yake huongea naye Kipangwali, yeye hujibu Kihindi. Shule ya bweni walimcheka, akakiacha. "Kule watoto wote siku hizi Kihindi tu. Ya nini kuhangaika?" Nikasema sawa. Si sawa. Nilikuwa nawaza daftari la majina.

Jumamosi, 24 Agosti

Bibi kasema mwenyewe, bila kusaidiwa: "Mdogo wangu, mwanamke. Peke yake. Anaongea na mbuzi."

Mdogo wake kabaki kijijini. Wazee wenzao wamekufa, wajukuu hawaelewi hadithi zao. Kipangwali kilibaki cha hao wawili nyumba nzima. Sasa yuko mmoja.

"Mbuzi hajibu," kasema Bibi.

Theluji ikianza kule, njia inafungwa miezi mingi. Hapiti mtu, haipiti barua. Anataka nimfundishe sentensi moja: "Prem, nataka kurudi kwa mdogo wangu kabla ya theluji." Nikamuuliza, kwa nini usimwambie kwa lugha yenu? "Nimesema. Prem anafanya hasikii. Kiswahili, watu watasikia."

Nimeomba nifikirie.

Jumapili, 25 Agosti

Mahubiri hayakuniingia. Nataka sare. Nataka Bibi abaki. Yote mawili ni kwa ajili yangu.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimemfundisha. "Kabla" inamponyoka, tumerudia mpaka jua likazama.

Shuleni nimesema nimesahau daftari la majina nyumbani. Sikusahau. Mwalimu kanichapa mimi. Minza kanisubiri njiani.

Ijumaa, 30 Agosti

Imetokea. Mchana, nimetoka shule kumpelekea Mama chakula kinuni. Akina mama wamepumzika kando ya lundo la pamba, Bwana Prem anafunga mkanda wa mashine. Bibi kaingia, kijiti mkononi.

"Mwadila!" Salamu hiyo ya Kisukuma sikumfundisha mimi. Kaisikia kwa akina mama hao. Wote wakaitikia.

Kisha kaisema sentensi yote. "Kabla" ilikuwemo.

Bwana Prem akajibu kwa Kihindi. Mama yangu akasimama. "Bwana Fundi, mzazi wako kasema Kiswahili. Jibu tusikie."

"Au kimekushinda, baba?" mwingine akadakia. "Mama yako kakupita darasa!"

Walicheka. Yeye hakucheka. Kafuta mikono yenye grisi, muda mrefu. Mwishowe kamwambia mama yake neno moja la Kipangwali. Ninalo kwenye daftari langu. Ni ndiyo.

Bibi kakaa chini palepale kwenye pamba.

Jumatano, 18 Septemba

Bibi aliondoka juma lililopita. Kaniachia kijiti. Habari ya sare sijauliza.

Leo nimemwandikia barua. Bwana Prem ataitafsiri. Nimemwomba iwe Kipangwali, si Kihindi. Kaazima daftari langu la maneno. Barua nimeinakili hapa:

"Bibi, shikamoo. Uzi wangu sasa unakatika mara mbili tu. Akina mama wanakusalimu, wanasema mwadila. Barua hii ikikufikia nijibu siku hiyohiyo, kabla theluji haijafunga njia: ulipofika mlangoni ukamwita mdogo wako, aliitika?"