Mkokoteni Namba Tisa na Mguu wa Mlinzi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Loretta Wojtowicz. Umri: miaka 61. Kazi: dereva wa basi la shule. Makazi: Hamtramck, Michigan. Yameandikwa Detroit na Sajini Yvonne Haddad, siku ya Ijumaa, saa 3:20 asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, kwa sababu mmemfungia mtu asiye na kosa.

Jana, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, nilikuwa uwanjani kwenye mechi ya mpira wa Kimarekani. Jukwaa la bendi ya roki inayopiga wakati wa mapumziko huja kwa mikokoteni kumi na minne. Sisi wa kujitolea huisukuma hadi katikati ya uwanja na kuiunganisha kwa dakika tano, basi. Mmoja ukisimama, yote ya nyuma inasimama, na nchi nzima inatazama kwenye televisheni. Mimi ni kiongozi wa namba tisa, ule wa spika. Huu ni mwaka wangu wa sita na sijawahi kuchelewa hata sekunde.

Saa 7:50 mchana tulijipanga kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Clovis Tatum, huyo mliyemshika, alikuwa nyuma kushoto. Akanitania, "Bi Loretta, leo usitupeleke kama watoto wa shule." Nikamjibu, "Watoto wa shule wana nafuu, hawana domo kama lako." Wote wakacheka.

Saa 8:02 filimbi ya mapumziko ililia, tukaondoka. Mlinzi, Bwana Gerald Stroik, akavuka mstari mweupe wa kuzuia watu wasiingie njiani, akatupa mgongo, akainua simu ampige picha mpiga gitaa aliyekuwa akipita mbele. Nikapaza sauti, "Baba, toka njiani!" Akasema, "Tulia wewe mama, picha moja tu!" Mkokoteni ukamwangusha na gurudumu likampita mguuni. Niliusikia mfupa ukivunjika. Jioni dada yangu alipika bata mzinga wa sikukuu, nikashindwa hata kuonja.

Bwana Stroik anadai Tatum alimsukuma kwa mikono, makusudi, kwa kuwa asubuhi walizozana kuhusu kitambulisho. Kuzozana walizozana. Kusukumwa kwa mikono ni uongo mtupu! Mikono ya Tatum ilikuwa kwenye bomba la kusukumia, na mbele yake kulikuwa na spika ndefu kuliko yeye. Hakumwona kabisa. Katika kikosi changu hakuna anayeachia bomba mpaka niseme. Tatum ana miezi kumi na moja tangu atoke gerezani, na yuko nje kwa masharti. Kesi hii itamrudisha ndani.

Sajini ameniuliza nani basi angeweza kuuzuia mkokoteni. Ni swali la haki. Aliyekuwa mbele ni mimi. Nilimwona Bwana Stroik tukiwa bado hatua kumi. Nina miaka ishirini na saba kwenye usukani, nikapima kwa macho, nikaona atatoka tu. Neno "simama" lilikuwa langu peke yangu, na sikulisema. Nilisema, "Twende." Tatum alitii.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nayakubali.

Sahihi: L. Wojtowicz

Maelezo ya ofisa: Shahidi alionywa kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Aliomba asomewe tena sentensi yenye neno "Twende", kisha akasema, "Iache hivyohivyo." Alitia sahihi saa 4:05. Clovis Tatum aliachiwa saa 4:40. Shahidi bado yupo kituoni.

Y. Haddad, Sajini