Uji wa Tata Ciarunji Haukukuua

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile ulichojifunza kusoma kwa darasa la ngumbaru ukiwa tayari una wajukuu. Kimeru tutaongea tukionana.

Mvua hii wanayoiita El Nino imekataa kuisha. Imebeba nusu ya kahawa ya Baba kule mtelemkoni, lakini kaburi lako halijatitia. Leo nimeliongezea udongo. Tata Ciarunji alikuwa upande wa pili na jembe lake, gauni limelowa mpaka magotini.

Ndiyo, Mama. Tata yupo. Mke huyu wa baba mdogo bado yuko hapa Kanyakine, kwa nyumba yake, na bwana yake na watoto wake. Hilo ndilo nilitaka ulijue kwanza, kwa maana ulikufa ukiogopa kwamba watamfukuza.

Unakumbuka siku ile kwa daktari kule Embu? Ulikuwa umekunywa vidonge vya vidonda vya tumbo hadi umechoka navyo. Ukila vijiko viwili unasukuma sahani, unasema umeshiba kama mtu aliyetoka harusini. Kisha kikaota kile kitu kigumu juu ya mfupa wa mtulinga, upande wa kushoto chini ya shingo. Kisha macho yakawa ya manjano. Daktari alikibonyeza, akataka kunitoa nje anieleze mimi peke yangu. Ukamshika koti.

"Tumbo ni langu. Niambie mimi."

Akakuambia. Kansa. Ilianza kwenye ukuta wa tumbo, ikachimba mpaka ikaifikia mishipa. Alisema damu inayotoka tumboni hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwa moyo. Basi vipande vya ule ugonjwa, vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona, vilikatika vikachukuliwa na damu, vikakwama kwenye ini, vikaota huko. Vingine vilipita kwenye mishipa mingine myembamba, isiyobeba damu, inayopeleka majimaji ya mwili kutoka tezi moja hadi nyingine. Mishipa hiyo hupanda kifuani mpaka chini ya shingo, upande wa kushoto, ndipo majimaji yale yanaingia kwenye damu. Hapo hapo ndipo ulipovimba.

Ukamwuliza, "Na ni nani ameipeleka huko?"

"Hakuna aliyeipeleka, Mama. Imefuata njia za mwili wako."

Ukanigeukia. "Shika hayo maneno vizuri," ukaniambia. "Nyumbani watayahitaji."

Ulijua. Minong'ono ulikuwa umeisikia kutoka kitandani. Tata ni mtu wa Siakago, Mmbeere, si Mmeru kama sisi, na tangu aolewe watu wetu wana maneno yao juu ya wanawake wanaotoka kule chini kwenye joto, kwamba ni wachawi. Na miezi ile ya mwisho, ni uji wake wa mawele tu uliokubali kukaa ndani yako. Aliupika asubuhi, akaupooza, akakunywesha kwa kijiko cha mtoto. Hakuna mwingine aliyekuwa na subira hiyo, Mama. Hata mimi sikuwa nayo.

Siku moja kabla ya mazishi wanaume wa ukoo walikaa kando ya zizi. Baba mkubwa M'Mburugu ndiye alianza.

"Ugonjwa wa tumbo hukaa tumboni," alisema. "Huu umetoka tumboni ukaenda kwa ini, ukapanda shingoni. Ugonjwa hauna miguu. Kitu kinachotembea hivyo ni sumu, na aliyempa chakula tunamjua."

Wakakata maneno: Tata arudi kwao Siakago kabla jeneza halijashuka. Watoto wabaki. Baba mdogo aliangalia chini. Kutoka jikoni niliona Tata ameshika ndizi iliyomenywa nusu, mikono imesimama.

Mama, mwili wangu ulipata moto. Vijana walikuwa wakimchinja mbuzi wa wageni nyuma ya ghala, mahali ambapo mwanamke haendi. Nilienda. Nikamwambia aliyeshika kisu asilitenge ini na tumbo. Nikavibeba vyote pamoja, bado vina moto, juu ya jani la mgomba, nikaviweka chini mbele ya miguu ya Baba mkubwa.

"Baba mkubwa, umechinja mbuzi maisha yako yote. Mshipa huu unatoka wapi na unaenda wapi?"

Nikaubana kwa kidole gumba nikasukuma. Damu nyeusi ikasogea, ikaingia kwenye ini mbele ya macho yao.

"Sasa niambieni, huyu mbuzi amenyweshwa uji na nani?"

Kuhusu shingo nilisema kweli: mishipa ile ni myembamba, siwezi kuwaonyesha, lakini daktari alitueleza na Mama mwenyewe alisikia.

Baba mkubwa alisimama. "Mwanamke hawasomei wanaume matumbo." Akachukua bakora yake akaenda, na kwa mazishi hakuja.

Halafu Baba akasema polepole, "Uji ule nilikuwa nikiumalizia. Kila asubuhi, kilichobaki kwa kikombe. Mbona mimi niko hapa?"

Hapo ndipo baba mdogo aliinua kichwa. "Mke wangu haendi popote. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi."

Kesho yake Tata alitupa udongo wake kaburini kama sisi wengine. Nami niliposomea watu maisha yako, mahali walipoandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi" nilipapita. Nilisema: kansa ya tumbo. Mchungaji alinitazama. Nikalirudia, kwa wale wa nyuma.

Sikudanganyi kwamba mambo yote yametengenea. Baba mkubwa hanisalimii. Kuna akina mama kanisani ambao kikombe kikitoka mkononi mwa Tata wanasema wameshiba. Basi mimi hukipokea, nakunywa chote wakiniangalia, naomba kingine. Waseme watakavyo. Walikuwa karibu kuwanyang'anya watoto wale mama yao, na wewe ungelala namna gani hapo chini?

Pumzika, Mama. Hasira niachie mimi, bado nina kazi nayo. Ninakuahidi kwamba hapa kwetu hakuna mtu atakayeitwa mchawi kwa sababu ya njia za damu, mimi nikiwa na mdomo.

Juzi Mama Gitonga wa ng'ambo ya mto alikuja kwangu akijifunika leso. Chakula kinamkwama hapa kifuani, anaishi kwa vidonge vya dukani, na amekonda. Kesho asubuhi naenda naye Embu mapema, kabla hali yake haijawa kama yako. Alitaka kuwadanganya watu wake kwamba anaenda sokoni Nkubu. Nimemwambia hapana. Awaage, na aseme anakokwenda.

Mwanao,
Kagendo