Matanga ya Jirani huku Ludlow

Mama Nekesa,

Hamjambo hapo Misikhu? Huku Uingereza kuna baridi kama ya juu ya Mlima Elgon, lakini mimi sitetemeki. Jana Nekesa alitaka kunionyesha hii ngome iko kwa picha ya kadi hii. Nikakataa. Jirani yake, mzee Tom, amezika bibi yake juzi na hakuna mtu hata mmoja ameketi hapo kwake.

"Baba, huku mtu haendi bila kualikwa," Nekesa akasema.

"Tangu lini matanga ikaalikwa?"

Nikabeba kiti cha jikoni, nikaketi kwa mlango wa Tom. Akafungua, akaniangalia sana. Nikamwambia kwa Kizungu changu, na wewe unajua ni kizuri, "Pole. Nimekuja tukae."

Akaleta kiti chake. Akaketi kando yangu. Halafu akaanza kunieleza mji wao: ngome ilijengwa kulinda mpaka wa Wales, manyoya ya kondoo yakaleta utajiri, na pale chini kwa Mto Teme ndipo alimwona bibi yake mara ya kwanza. Hapo akalia. Nekesa alileta supu, Tom akamaliza bakuli yote. Ati tangu mazishi alikuwa anakunywa chai tu.

Leo narudi kwake. Anataka kujua mimi nawe tulionana wapi. Nitamwambia ni soko ya Myanga, na ulinikataa mara mbili.

Kula vizuri, mama, na ujifunike usiku. Mimi sitaki kuachwa kama Tom.

Mzee wako,
Wafula