Kabla Hujawasha Redio Jumamosi

Maribor, Jumatatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umetulia, na matrekta ya watu unayoyatengeneza hayajakumaliza. Mimi sijambo, ila huku baridi imeanza mapema. Nisalimie shangazi Ivanka. Soksi alizonifumia ndizo nilizovaa sasa.

Kwenye simu uliniuliza hawa watu wa bendi ninaowapigia piano wakoje, nikajibu ni wazuri, kisha nikanyamaza kama kawaida yangu. Basi acha niandike.

Mkubwa wetu ni Vlasta, mpiga besi, na nyimbo zote anatunga yeye. Besi lake, lile la nyuzi linalopigwa kwa kusimama, linamzidi kimo, nalo ndilo linalopewa nafasi nzuri garini. Sisi tunajibana linapobakisha. Yeye haongei sana. Tine wa dramu anaongea kwa niaba ya wote. Siku ya kwanza aliniuliza kama mdomo niliusahau shuleni pamoja na madaftari. Jernej wa tarumbeta hugombana naye juu ya dirisha, huyu anataka hewa, yule anaogopa mafua, mpaka tunafika.

Hakuna anayenitendea vibaya. Lakini onyesho likiisha, Tine anawapigia wanawe simu, Jernej anaondoka na rafiki zake, Vlasta anajifungia kutunga. Mimi nabaki hotelini na sahani yangu. Baba, sikujua kwamba mtu anaweza kupigiwa makofi na ukumbi mzima, kisha akakosa wa kumtakia usiku mwema.

Katika muziki wa jazi, katikati ya wimbo kila mmoja hupata zamu ya kupiga peke yake, kitu ambacho hakijaandikwa popote, kinachotoka kichwani mwake mwenyewe. Zamu yako ikifika, Vlasta hukuinulia kidevu. Usipotaka unatikisa kichwa, na zamu inakwenda kwa mwingine. Mimi nimetikisa kichwa tangu Julai. Tine alisema iko siku hicho kichwa changu kitadondokea kwenye piano, na huenda hapo ndipo tutasikia kitu. Wiki iliyopita Vlasta, huku akikaza nyuzi, aliniambia nikitikisa tena hapa Maribor atatafuta mpiga piano mwingine. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

Juzi jukwaani akaniinulia kidevu. Sikutikisa kichwa. Wenzangu wakaacha kupiga, na mikono yangu haikujua kitu. Kisha ukaja wimbo mmoja tu.

Ulikuwa wako, Baba. Ule unaoupiga Jumapili kwa akodiani, mlango wa karakana ukiwa umefungwa.

Ulituambia uliiuza akodiani mwaka ule Mama alipotuacha akahamia Graz, nami nikajifanya nimeamini. Lakini nimekusikia tangu nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nakaa nje, mgongo ukutani, nikijizuia kukohoa usije ukaacha. Najua hata pale unapokatisha kila mara na kuanza upya. Nilipofika hapo nami nikasimama, kwa kuwa sikujua kinachofuata. Vlasta akaingia chini yangu na sauti moja ndefu ya besi, ikawa kama mtu amekuja kukaa karibu nami. Tukaishia hapo.

Baadaye Tine hakunitania. Aliniuliza tu kama nimekula. Vlasta alisema nibaki, akauliza nani ametunga ule wimbo. Nikamwambia ni baba yangu.

Sasa sikiliza, Baba. Watu wa redio walikuwa wakirekodi onyesho lile, na watalirusha Jumamosi hii saa kumi alasiri, saa ambayo redio yako huwa inaunguruma karakanani na wateja wamejaa. Sikutaka usikie moyo wako ukitoka kwenye redio mbele yao, bila mimi kukwambia kwanza. Vlasta amesema ukikataa watakikata kipande hicho. Kama hutaki, nipigie kabla ya Ijumaa, useme hapana tu, bila maelezo. Sitakasirika.

Ukikubali, nitaupiga kila mji tutakaokwenda. Lakini niambie unaishaje. Na kama hata wewe hujui, niambie hivyo hivyo, nami nitaendelea kusimama pale unaposimama.

Kwa leo niishie hapa, posta wanakaribia kufunga. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Živa