Miche Mitano ya Mwaloni

Jumanne, 7 Februari

Theluji tena. Nimeifagia ngazini mara tatu, mara tatu imerudi. Bega la kulia limegoma. Gerrit alikuwa dirishani ananitazama, mkono wake ulio mzima juu ya kioo. Sura ya mtu anayeomba radhi.

Leo kimekuja kile kikaratasi cha miche cha ofisi ya uhifadhi wa udongo. Kila mwaka kinakuja theluji ikiwa magotini! Miti na vichaka vya asili ya huku kwetu tu, vya kuletwa hawana. Unatia alama, unarudisha kabla ya Machi, mwishoni mwa Aprili unakwenda kuichukua kwenye uwanja wa maonyesho. Nikakitupa. Gerrit akapiga meza. Nikajifanya sikusikia. Akapiga tena. Basi nikakitoa kwenye takataka, nikakifuta maganda ya viazi.

Tangu kiharusi cha Septemba maneno yake yanahesabika. Leo kasema moja: "Eshi." Ndiyo, ule mti wetu wa eshi. Ilisimama mbele ya dirisha lile miaka thelathini na minane, mpaka wale wadudu wa kijani wakaimaliza pamoja na eshi zote za mtaa. Kisiki kilisagwa. Kimebaki kiraka kitupu, hata nyasi hazikitaki. Anataka mti mwingine pale.

Na mimi nimeshamwambia binti yetu Joanne ndiyo. Tunahama. Vyumba viwili vya chini mjini Grand Rapids, dakika tano kutoka kwake, wauguzi wapo, kengele ipo hadi bafuni. Nyumba inauzwa Aprili. Baba yake hajui. Nimesema nitamwambia mwenyewe. Lini – sijui. Nimechoka.

Alhamisi, 16 Februari

Joanne kapiga simu kabla sijanywa kahawa. Umeshamwambia Baba? – ndilo swali. Bado. "Mama! Unangoja lori la kuhamisha vitu lifike mlangoni?" Nikamwambia lori nalo lingoje. Hakucheka.

Anasema dalali, huyo Bwana Terpstra, amepita na gari na kutazama. Kasema nyumba nzuri, ila pale mbele panaonekana kama kaburi jipya. Tupande vichaka, chochote kinachoonyesha kuwa watu wanapajali.

Haya, nimekaa na kikaratasi. Vile vya vijiti vyekundu vinapendeza kwenye theluji, lakini kulungu watavila mpaka mzizi, kama walivyokula kila kitu cha jirani yetu Wilma mwaka juzi. Vile vya vitunda vyekundu vya baridi vinataka dume na jike, la sivyo havizai – nani ana nguvu za kuozesha vichaka? Msonobari wa hapa unataka nafasi. Nimechagua kile kinachotoa maua meupe Aprili kabla ya majani, halafu Juni vitunda vya zambarau ambavyo ndege wanavimaliza kabla hujaleta bakuli. Mama yangu alikuwa navyo nyuma ya zizi. Hawauzi kimoja, ni vitano vitano. Nikaandika vitano.

Gerrit akataka kalamu. Kaishika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akatia alama kwenye mwaloni mweupe. Mwaloni! Nikamsomea kwa sauti: miaka ishirini kabla ya tunda la kwanza, pengine arobaini. "Gerrit, una miaka sabini na tisa." Akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Nikasema nitaifuta alama baadaye. Akachukua bahasha akailamba mwenyewe, akaigandamiza kwa kiwiko.

Sikuifungua. Ningeweza.

Jumanne, 14 Machi

Ameanguka bafuni saa tatu asubuhi. Hakuumia. Mimi ndiye sikuweza kumnyanyua. Tulikaa wote wawili sakafuni, yeye na taulo, mimi na bega langu, tukingoja Harv, mume wa Wilma, avae viatu. Harv kamwinua kama gunia la mbegu, akaniuliza taratibu tukiwa jikoni: "Alida, utaendelea hivi mpaka lini?" Nikamwambia mpaka Aprili. Basi sasa Harv anajua, na Gerrit hajui. Aibu gani hii!

Ijumaa, 31 Machi

Leo nilitaka kumwambia. Nilipika supu ya dengu za kijani na soseji, anayoipenda, nikakaa mkabala naye, nikasema, "Gerrit, sikiliza." Akaweka kijiko chini. Akasikiliza. Macho yale yale ya wakati alipokuwa mzee wa kanisa na watu wakija kumweleza shida zao.

Nikamuuliza kama anataka mkate.

Baada ya kula akanivuta hadi dirishani. Akanionyesha ukuta, akanionyesha kile kiraka, akanyoosha vidole. Ilinichukua muda. Kikaratasi kinasema mwaloni ukae mita sita au zaidi kutoka ukutani, maana siku moja matawi yatataka nafasi yake. Anataka nipime. Nikatoka na utepe, tope mpaka vifundoni, nikapima. Mungu anisamehe, nikapima! Mita saba na nusu. Nikamwonyesha kwa vidole kupitia kioo, akaitikia kwa kichwa kama mkandarasi aliyeridhika.

Joanne akisikia hili atasema nimerukwa na akili. Sitamwambia na yeye pia. Naona sasa hii ndiyo kazi yangu, kutowaambia watu mambo.

Ijumaa, 21 Aprili

Uwanja wa maonyesho. Foleni ndani ya banda la ng'ombe, harufu bado ipo. Wakulima, walimu wastaafu, wote na ndoo zao. Mwanamke wa ofisi, Colleen, ametoa vifurushi kwenye maboksi. Vichaka vimenifika kiunoni, vina vichipukizi tayari. Mialoni – vijiti! Vijiti vitano vya urefu wa kiganja na nusu, na kila kimoja mzizi mrefu kuliko chenyewe, vyote vimefungwa kwenye karatasi iliyolowa.

Colleen kanishika mkono. "Mizizi isione upepo. Kesho, keshokutwa basi. Baada ya hapo unapanda kuni."

Nikasema sawa.

"Mialoni ni ya nani, wajukuu?"

"Ya mume wangu."

"Ah," kasema. Akaniongezea karatasi iliyolowa bila kuniangalia.

Dalali anakuja Jumatatu saa nne kupiga picha na kusimika kibao cha "Inauzwa". Imeshapangwa. Joanne anakuja naye. Basi niko na kesho na keshokutwa, mimi na mizizi.

Jumamosi, 22 Aprili

Baridi ya kukata masikio. Harv amekuja na sepetu yake kabla ya saa mbili, akachimba mashimo matano, udongo wetu ni mchanga, haukumsumbua. Manne kando ya njia, la tano katikati ya kiraka cha eshi. Nilipanda vichaka vinne. Nilipogeuka kuchukua cha tano, Gerrit ametoka na kigari chake cha kutembelea – kile chenye kiti – amekiegesha juu kabisa ya shimo, amekikalia.

"Gerrit, sogea."

Hapana. Hilo neno analo bado.

Harv kaangalia angani. Kasema, "Hapo ndugu yangu mimi simo," akaondoka na kichaka cha tano, nilimpa, ampelekee Wilma wake. Nikabaki nabishana na mtu asiyejibu. Mara mvua ya barafu ikaanza, vipande vidogo, vinauma. Hiyo ndiyo iliyomwingiza ndani, siyo mimi. Nikamkausha nywele. Shimo limebaki wazi.

Mialoni iko chini kwenye ghala la viazi. Niandike hapa maana hakuna mwingine wa kumwambia: sikuilowesha tena. Nimeiacha. Kesho Jumapili, hakuna anayeshika sepetu, na Gerrit kuliko wote – miaka hamsini na mitatu sijamwona akifunga hata mche wa nyanya kamba siku ya Bwana. Mwaka ule wa mvua kubwa mahindi ya baba yake yalilala shambani kwa sababu ya Jumapili. Jumatatu mizizi itakuwa imekufa. Nitasema haikustahimili. Ni miti, inakufa.

Sipendi nilichokiandika. Nakiacha.

Jumapili, 23 Aprili

Kanisani asubuhi. Gerrit ndani ya suti ya kijivu, tai nimemfunga mimi. Katikati ya mahubiri akanipa peremende kama kawaida, kutoka mfuko wa kushoto sasa. Jua limetoka. Watu wakatusalimia mlangoni, kila mtu na huruma yake. Mchungaji kauliza tunaendeleaje. Tunaendelea, nikasema.

Nyumbani nikaweka supu jikoni ipate moto. Nikamwacha kwenye kiti chake. Nikasikia mlango wa chini, nikadhani ni upepo.

Kiti kitupu. Mlango wa ghala la viazi wazi. Ngazi zile kumi na moja! Hata mimi nazishuka kwa kushika ukuta. Sijui alizishukaje, sijui alizipandaje. Pengine kwa makalio, maana suruali ya suti ina vumbi lote la huko chini.

Yuko nje. Juu ya kigari chake, mbele ya shimo, ndani ya suti. Ameinama, mkono wake mzima uko ndani ya shimo, ameshika kijiti kimoja kisimame wima. Karatasi iliyokauka iko kwenye nyasi, na vile vinne vingine ndani yake.

Nikatoka mbio na viatu vya kanisani. "Gerrit! Leo Jumapili!"

"Najua," kasema. Wazi kabisa.

Gari la akina Dykema wa kanisani kwetu likapita kuelekea kwa mama yao, likapunguza mwendo. Wakatuangalia. Mzee wa kanisa shimoni siku ya Jumapili. Nikawapungia. Nifanye nini?

Ndipo nikamwambia. Pale pale, nimesimama, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Kwamba kesho saa nne anakuja mtu kusimika kibao. Kwamba nyumba inauzwa, kuna vyumba viwili Grand Rapids, nimesema ndiyo tangu Januari, Joanne hakunilazimisha, mimi ndiye. Kwamba siwezi tena kumnyanyua. Kwamba nimechoka, Gerrit, nimechoka mno, na nimekudanganya msimu mzima wa baridi. Nililia. Sikulia siku ya kiharusi, nimelia leo mbele ya shimo.

Hakuinua kichwa. Akakitikisa kile kijiti kidogo, juu chini, mzizi ukae sawa – mkono wa mtu aliyepanda miti maisha yake yote. Halafu akasema:

"Lida. Udongo."

Sijui kama amesikia. Sijui kama alijua tangu Februari, alipoilamba ile bahasha. Nikiufukia mche, atadhani tunabaki? Au anawapandia hao watakaokuja, watu ambao hatutawaona? Nimemuuliza. Nimemuuliza mara mbili. Kasema udongo.

Mkono mmoja unaweza kushika. Hauwezi kushika na kufukia.

Nimeingia kumchukulia koti, nikazima jiko, nikarudi na daftari hili, sijui kwa nini. Nimekaa ngazini naandika juu ya goti. Koti liko mabegani mwake. Hakuachia kijiti hata nilipomvisha. Wilma amesimama kwenye dirisha lake. Rundo la udongo aliochimba Harv liko hatua mbili kutoka kwangu, jeusi juu, mchanga chini.

Kijiti kimeanza kuinama mkononi mwake.

Nimevua viatu vya kanisani. Bado sijasimama.