Ngozi ya Mbuzi Katika Baridi ya Julai

Jumatatu, 14 Julai

Mazoezi ya bendi, mtaani Adams hapa Nairobi, stoo ile nyuma ya duka la vioo. Saa nne hadi saa saba. Goti la kulia linauma, mguu bado unakanyaga dramu.

Brayo, mpiga gitaa wetu, amekuja na mashini ya midundo. Ndogo kama sahani. "Shosho, hii haichoki." Shosho ni bibi, kwa lugha yao vijana. Maiti naye hachoki, nikamwambia. Otieno wa besi akacheka. Mimi sikucheka.

Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Brayo ametoa sharti: nikiyumba, mashini inachukua kiti changu moja kwa moja. Miaka thelathini na minane nimepiga roki na Otieno. Aliinama kukaza nyuzi za besi.

Jumatano, 16 Julai

Uso wa dramu ya mguu umepasuka. Plastiki, imejichokea. Brayo anasema ni ishara. Ishara ya nini?

Nimekwenda Dagoretti machinjioni, nikachagua ngozi ya beberu. Mchinjaji akauliza, "Ni ya kuswalia, mama?" Ya roki, nikamwambia. Alinitazama kichwa hadi miguu, buibui na yote.

Kuwamba ngoma nilifunzwa na mama mdogo, Mombasa, kwenye ngoma za harusi za wanawake. Hiyo ni kabla kiwanja chetu hakijapata mwenyewe mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa tulipoondolewa, nikaja Nairobi. Tangu hapo nikisema "kwetu" watu huniuliza wapi.

Jumapili, 20 Julai

Kosa, na ni langu. Niliihesabia ngozi siku tatu za jua. Mtaa wetu wa Satellite hauna jua mwezi Julai. Bado mbichi, ukiigonga inalia kama godoro. Miaka hamsini na miwili Nairobi, na kichwani bado napanga mambo kwa jua la pwani. Nimejikasirikia mpaka chakula kimenishinda.

Alhamisi, 24 Julai

Imekauka. Nimeilaza jikoni siku nne, nimeigeuza kama mgonjwa.

Sauti yake! Ina kifua. Matoazi yenyewe yalinyamaza kuisikiliza. Brayo: "Hii kitu yako inanuka mbuzi." Yeye ananuka manukato na sijawahi kulalamika.

Ikipata baridi italegea. Najua. Sikuwaambia.

Jumamosi, 26 Julai

Saa tisa alasiri, ukumbi wa mjini, nyuma ya Mtaa wa Biashara. Manyunyu tangu asubuhi. Ukumbi baridi kama kisima.

Wimbo wa tatu, ngozi ikalegea. Nakanyaga, hamna kitu. Brayo akageuka. Mkono tayari juu ya mashini.

Kwetu ngoma ikilegea shughuli husimama. Inapelekwa motoni, wachezaji wanakunywa maji, hakuna anayenung'unika. Hapa mjini onyesho halisimamishwi.

Nikalisimamisha. Nikashika kipaza sauti: "Ngoma imepata baridi. Naenda kuiotesha moto. Mwenye haraka aende zake." Mtu akapiga mluzi. Brayo akasema, "Shosho, unatuaibisha!" Nilikuwa nishaanza kufungua skrubu. Otieno akalaza besi chini, akashika dramu upande wa pili. Hatimaye.

Mlangoni kuna mama anayechoma mahindi. "Nyanya, hiyo unachoma ama unakula?" Lakini alisogeza mahindi yake. Tukaiinamisha juu ya makaa, nikaizungusha polepole, nagonga kwa kidole. Bado. Bado. Mpaka ikajibu.

Nilipoinua macho nusu ya ukumbi ilikuwa nje kwenye manyunyu, inatafuna mahindi na kunipigia makofi kufuata kidole changu. Brayo pia alikuwa hapo. Amechuchumaa, anapepea jiko kwa kifuniko cha mashini yake. Hakunitazama.

Tukarudi, tukapiga nyimbo saba. Sikuyumba. Hata ningeyumba, wangenibeba na kiti changu.

Jumapili, 27 Julai

Goti limevimba. Chai ya tangawizi, mguu juu ya stuli. Mvua imekatika.

Ujumbe wa Brayo: "Shosho, mazoezi Jumanne saa nne. Tutahitaji jiko yetu."

Nimelitoa jiko langu dogo uvunguni. Nimelifuta vumbi. Liko kando ya mlango.